Bangili Ukutani

Simu ya Askofu Ndambuki ililia Jumamosi saa tatu asubuhi. Wakhungu alikuwa juu ya ngazi nje ya bucha moja karibu na stendi ya Kitengela, akimalizia kuchora pembe za mbuzi ukutani.

"Fundi Wakhungu! Picha yako imetupendeza sana."

"Asante, Askofu."

"Jana niliiweka kwa grupu ya kanisa. Watu wamesifu mpaka usiku. Lakini mmoja ameandika, 'Huyo wa mlangoni nimemjua kwa mkono.' Wamasai wote wakacheka. Mimi nikauliza, ni nani? Kimya. Hakuna mtu anataka kumjibu askofu wake. Na nimesikia kuna watu wangu wanaosali mafichoni, mmoja analinda mlango." Akacheka kidogo. "Sasa leo saa kumi nakuja na Pasta Moses. Yeye ni wa hapa. Atanisomea huo mkono."

"Ni shanga tu, Askofu. Ni pambo."

"Basi atanisomea pambo. Na usifute kitu, fundi. Picha niko nayo kwa simu."

Simu ikakatika. Brashi ilikuwa imegusa ukuta bila yeye kujua, na mbuzi wa bucha sasa alikuwa na mstari mweusi kifuani, kama aliyechinjwa kabla ya wakati wake. Wakhungu hakuufuta. Alishuka, akafunga makopo, akamwambia mwenye bucha atarudi. Miguu yake ilishajua inakwenda wapi kabla kichwa hakijakubali.

Wakhungu alifika Kitengela kutoka Bungoma miaka ishirini na miwili iliyopita, na brashi tatu na anwani ya binamu. Mji ulipokua, yeye ndiye aliyeuandika. Aliandika majina ya maduka, bei za nyama, vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi. Katika shule za msingi kuanzia Isinya hadi Kajiado alichora ramani ya Kenya na mwili wa mwanadamu na utumbo wake wote. Kisha zikaja mashine za kuchapisha mabango ya plastiki, na mafundi wa brashi wakaanza kutafuta kazi nyingine. Yeye aling'ang'ania. Mkewe, Namalwa, alikuwa akimwambia kwa utani kwamba ameoa ukuta na kumposa yeye tu.

Kwa hiyo askofu alipompa ukuta mzima nyuma ya mimbari, upana wa hatua kumi na moja, Wakhungu aliupapasa kwa kiganja kama anavyopapaswa ng'ombe wa maziwa. Kazi ilikuwa picha ya kihistoria: Wakristo wa kwanza wa Rumi wakiabudu kwa siri chini ya ardhi, kwenye mapango walimozika wafu wao, wakiwakimbia askari wa mfalme. Ingefunuliwa Jumapili ya kuadhimisha miaka ishirini ya kanisa. Askofu alimpa karatasi ya fotokopi yenye watu weupe waliovaa mashuka, macho yamegeukia dari.

"Lakini usiwafanye Wazungu," alisema. "Nataka watu wangu wajione pale ukutani."

Wakhungu alipiga miraba kwa chaki, akachora watu wanane kwa mkaa. Siku ya pili Naeku alisimama nyuma yake na ndoo ya maji.

Naeku alikuwa mfagiaji wa kanisa na mpishi wa uji katika shule yake ya chekechea. Mume wake alifariki zamani, na yeye aliishi katika chumba cha mabati kwenye kona ya ua wa kanisa, chumba ambacho alipewa pamoja na kazi na ambacho angenyang'anywa pamoja na kazi. Binti yake alikuwa anasomea ualimu huko Kajiado.

"Fundi," alisema, "hawa watu wako hawaogopi."

"Umejuaje?"

"Wamefunga macho wote. Mtu anaomba akiogopa hafungi macho yote. Mmoja lazima aangalie mlango. Na huyu amenyoosha mikono juu. Ya nini? Mikono inakaa karibu na viatu, ndiyo ukisikia kitu, unashika, unatoka."

Wakhungu aligeuka akamtazama. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, na sauti ya chini isiyopanda hata akikasirika.

"Mama, wewe umeomba hivyo wapi?"

Naeku alikamua kitambaa mpaka kikakauka kabisa ndipo akajibu. "Alhamisi, ukitaka kuona. Lakini uape."

Akaapa. Alhamisi saa saba mchana Naeku alimpeleka hadi shamba la maua lililofungwa, upande wa barabara ya Isinya. Plastiki za vibanda zilikuwa zimechanika, zikipigwapigwa na upepo. Mlinzi, Hiram, aliwafungulia bila kuuliza. Wakaingia katika chumba ambacho zamani kilihifadhi waridi kabla ya kusafirishwa, chumba cha baridi kisicho na dirisha, chenye kuta nene na mlango mzito. Baridi ilikuwa imekwisha zamani. Kilichobaki ni ule unene wa kuta, na ndio watu wale waliuhitaji, kwa sababu sauti haikutoka.

Walikuwa kumi na wawili, wameketi juu ya ndoo za maua zilizopinduliwa, taa moja ya sola katikati. Waliimba midomo ikiwa karibu imefungwa. Hakuna aliyepiga makofi. Naeku alisimama mlangoni, mgongo kwa wenzake, mkono mmoja juu ya komeo, na aliomba hivyo hivyo, macho wazi, akisikiliza nje.

Aliyewaongoza alikuwa Mzee Ezra. Katika kanisa la Askofu Ndambuki alikuwa mzee kwa miaka kumi na minane, mpaka siku aliposimama katika mkutano wa washirika akauliza swali moja tu: kwa nini hati ya kiwanja cha kanisa, kiwanja kilichotolewa sadaka na mwenyeji, ina jina la askofu peke yake? Hakujibiwa. Jumapili iliyofuata ilitangazwa kwamba Ezra ametengwa, na kwamba atakayesali naye atatengwa pia, hatasalimiwa, na siku akifa kanisa halitamzika. Watu wakainamisha vichwa wakasema amina.

Naeku alimsimulia hayo wakirudi, na Wakhungu hakuacha kuyafikiria. Kanisa lilitaka picha ya watu waliofukuzwa hadi chini ya ardhi, lipige nayo makofi, na wakati huohuo lilikuwa likiwafukuza watu wake hadi kwenye friji bovu. Askari wa mfalme wa Rumi angalau hawakuomba wahanga wao wachorwe.

Alirudi akafuta mkaa wote, akaanza upya na watu wanane wengine. Alitimiza kiapo chake kwa uangalifu. Pua ya Ezra alimpa mtu mwingine, kipara cha huyu akakihamishia kwa yule, akampaka kila mmoja sura isiyo ya mtu yeyote. Naeku alimchora kwa nyuma, mwanamke wa Rumi mwenye shuka, uso hauonekani kabisa, mkono juu ya komeo. Na kwa sababu mwanga wa taa ulikuwa umeukuta mkono ule, na kwa sababu macho yake yalikuwa yameipenda bangili iliyokuwa pale tangu mara ya kwanza, aliichora ilivyo: shanga nyeupe, ngazi za rangi ya chungwa na buluu, na mstari wa kijani unaozunguka, ukakatika, ukaendelea. Alidhani ni pambo. Miaka ishirini na miwili Kajiado, na kwake shanga zilikuwa shanga.

Jumamosi hiyo, alipoingia kanisani akihema kutoka buchani, wanawake saba wa kikundi cha usafi walikuwa wanadeki. Naeku alikuwa Kajiado kwa binti yake tangu Jumatano, na alikuwa amerudi asubuhi hiyo. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta, na begi lake bado begani. Wakhungu akamweleza yote kwa sauti ya chini: picha kwenye grupu, yule aliyeandika, saa kumi, Moses.

Naeku hakumgeukia. "Fundi, unajua umefanya nini?"

"Uso sikuchora. Naeku, naapa, uso..."

"Uso ni wa nini? Umeandika jina langu kwa ukuta." Akainua mkono wake, akaulinganisha na ule uliochorwa. "Hii rangi nyeupe na hizi ngazi, hiyo ni kwetu, Namanga. Hapa wote ni Wamasai wa Kaputiei, hawafungi hivyo. Hapa niliolewa. Na hii kijani iliyokatika ni mtoto wangu wa kwanza. Alikufa. Hakuna mwingine ako na hii. Mtoto wa darasa la pili wa Kimasai atakuambia, hii ni Naeku."

"Nitafuta. Nina rangi. Hadi saa kumi itakuwa imekauka."

"Wewe husikii? Ako na picha kwa simu. Ukifuta ndiyo utakuwa umesema."

Nyuma yao kazi ya kudeki ilikuwa imekoma. Wanawake wote saba walikuwa wamesimama, na Wakhungu akatambua kwamba walijua tangu jana usiku, kila mmoja, na hakuna aliyekuwa amefungua mdomo. Mbele yao alikuwa Mama Moses, mwenyekiti wao, mjane mnene mwenye mwendo wa pole na ulimi usio wa pole.

"Takwenya, Naeku," alisalimu kwa Kimaa.

"Iko, Yeyo," Naeku akamwitikia kama mama.

"Kumbe hata Rumi umefika. Na nauli hukutuomba." Akaegemea deki yake. "Miezi saba unaenda kwa Ezra na unarudi kunipikia chai, na unaniangalia kwa macho."

"Niliona wewe ndiye mama ya pasta."

"Mimi ndiye."

Wakhungu alikuwa ameshafungua begi la brashi. Hakujua anachofanya, alihitaji tu kushika kitu. "Nitawapaka wote bangili," alisema. "Watu wote wanane. Akija akute kila mkono una shanga."

"Shanga gani?" Naeku aliuliza. "Unajua gani? Utamwaga rangi tu kama mtoto anajifunza kuandika. Moses ataona hii moja ni maneno na zile zingine ni uchafu."

Kisha mwanamke kijana aliyekuwa karibu na madirisha, Purity, akaweka ndoo chini kwa kishindo. "Chukua yangu," alisema, akaichojoa bangili akamkabidhi Wakhungu. "Andika vizuri, usikose. Hapo kwa nyekundu uko na mbili, halafu nyeusi moja. Mimi sijawahi enda kwa Ezra. Lakini nilikuwa hapa siku ile akiuliza, na nikasema amina nikitetemeka. Hiyo amina imenikaa hapa." Akajigonga kifua.

"Purity, weka mkono wako chini," Mama Moses alisema. "Unafikiria hii ni mchezo wa shule? Ukiandikwa hapo, umeandikwa. Mimi niko na mtoto kwa hiyo madhabahu. Ana miaka mitatu tu ya upasta. Mnataka nimwangushe?"

Mmoja wa wanawake, aliyekuwa karibu na mlango, alikunja leso yake, akachukua mkoba, akatoka bila kuaga. Walisikia lango la chuma likifunguka na kufungwa. Kila mtu alijua kwamba anaweza kuwa anakwenda nyumbani kupika, na anaweza kuwa anakwenda kupiga simu.

Wakhungu alipanda ngazi akaanza na ya Purity.

Hiyo ilikuwa saa nne na nusu. Hakuwa amewahi kufanya kazi hivyo maisha yake yote. Mikono mingi ya wale Warumi ilikuwa imefichwa ndani ya mashuka, kwa hiyo kila mmoja ilibidi amchoree mkono kwanza, rangi ya ngozi, kivuli, kisha shanga moja moja kwa ncha ya brashi nyembamba kuliko zote. Naeku alisimama chini akishikilia bangili mbele ya macho yake, na pale alipokosea alimwambia. "Hapana. Hapo umemfanya aolewe mara mbili." Wa pili akaleta yake, kisha wa tatu na wa nne wakaja pamoja wakisukumana kama wasichana. Wa tano alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Moses, na alipovua yake alimtazama Mama Moses waziwazi, akasema Kimaa sentensi moja fupi. Wakhungu hakuielewa. Mama Moses aliielewa, akakaa kitini.

Rangi ilimwishia ya chungwa. Akachanganya nyekundu na njano. Shingo ilimuuma. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilimfanya asimamishe mkono. Kufikia saa nane na nusu mikono sita ilikuwa na bangili. Mzee mmoja wa pembeni alimwacha mikono mitupu. Alibaki mwanamke wa katikati, aliyeshika taa, ambaye macho ya kila aingiaye yanamwangukia kwanza.

"Huyu?" Wakhungu aliuliza kutoka juu ya ngazi. Hakumuuliza mtu yeyote hasa.

Mama Moses alikuwa akitazama sakafu aliyoideki mwenyewe. "Mume wangu aliitoa hii shamba kwa mdomo wake," alisema. "Mbele ya watu na mbele ya ng'ombe. Akasema, ni ya Mungu, mtu asiandike jina lake. Ezra aliuliza kitu ambacho ilikuwa ni mimi niulize." Bangili yake ilikuwa ya zamani na ilikuwa imebana, akahangaika nayo mpaka Naeku akaenda kumsaidia. Wanawake hao wawili walivutana nayo pale kitini, mmoja anavuta, mwingine anauma meno. Ilipotoka ilibaki alama nyeupe kwenye ngozi.

"Fanya haraka," alisema. "Na unipake nikiwa mwembamba."

Wakhungu alikuwa nusu ya mkono huo lango lilipolia. Ilikuwa saa tisa. Askofu alikuwa amekuja saa nzima mapema.

Aliingia akiwa amevaa suti ya kijivu, simu mkononi, na nyuma yake Pasta Moses, kijana mrefu mwenye Biblia kwapani kama anayeshikilia kitu kisianguke. Askofu aliwasalimia wanawake kwa kutikisa kichwa, akapanda jukwaani. Alitazama ukuta. Alitazama simu. Alitazama ukuta tena.

"Hizi jana hazikuwako." Akanyoosha kidole, akagusa mkono wa mwanamke mwenye taa. Kidole kilirudi na rangi ya chungwa. "Mbichi. Fundi, nilikuambia nini?"

"Ulisema nisifute, Askofu. Sijafuta." Wakhungu akashuka kutoka kwenye ngazi. "Na mwanzo ulisema unataka watu wako wajione ukutani."

"Warumi hawakuvaa shanga."

"Wala hawakukaa Kitengela."

Mtu alicheka puani, pengine Purity. Askofu akageuka. "Pasta Moses. Achana na hizi za leo. Nisomee ule wa mlangoni."

Macho ya Moses yalikuwa yamepita mlangoni mara moja tu, kwa kasi, na kurudi katikati, kwa mwanamke mwenye taa. Hapo yalikwama. Alimgeukia mama yake aliyekuwa kitini, mikono mapajani, ule mmoja mtupu wenye alama nyeupe. Mama hakumsaidia. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza. Alimtazama tu, kama anayesubiri kuona alizaa nani.

Naeku alikuwa amesimama kando ya ndoo yake. Bangili yake ilikuwa mkononi, hakuificha.

"Soma," askofu alisema.

"Askofu," Moses alisema. "Nikisoma moja nitasoma zote. Siwezi kusoma mkono mmoja nikaacha mingine, hiyo itakuwa ni uongo."

"Basi soma zote!"

Moses akasogea upande wa kushoto. "Hii ni Purity."

"Purity anaenda kwa Ezra?"

"Mkono ni wangu, Askofu," Purity alisema. "Mahali unaenda, uulize huo mkono."

"Hii ni mwalimu wa Sunday school. Hii ni jirani yake. Hii..." Alikuwa akisoma sasa kwa sauti ya mimbari, sauti aliyofundishwa chuoni, na mabati ya paa yaliirudisha. "Hii ni shangazi yangu. Na hii ya katikati ni ya mama yangu mzazi. Baba alishona ngozi yake ya ndani kwa mkono wake, mwaka aliotoa kiwanja hiki. Unaona hii buluu imekaa peke yake? Hiyo ni hapa. Ni hapa tuliposimama."

Alinyoosha mkono kuelekea mlango uliochorwa.

"Basi," askofu alisema.

"Imebaki moja."

"Nimesema basi." Alikuwa akifuta kidole kwa leso, na rangi ya mafuta haifutiki kwa leso, ilizidi kuenea. Aliwatazama wanawake sita, kwaya yake, jiko lake, wapokeaji wa wageni wake wa kesho. Kumtenga mmoja ni tangazo. Kuwatenga wote hao, na mama wa pasta wake, na shamba lile chini ya viatu vyake, ni jambo jingine, na alikuwa mwerevu wa kutosha kulijua. "Kesho huu ukuta ufunikwe. Tafuteni pazia. Kazi haijakauka, haiwezi kufunuliwa." Akatoka, na simu yake ikaanza kulia akiwa bado uani. Moses alibaki. Aliketi juu ya ngazi za jukwaa, Biblia kando.

Naeku alimletea uji.

Jumapili Wakhungu, ambaye si mtu wa kanisa, alikuja akakaa kiti cha mwisho kabisa. Pazia la zambarau lilikuwa limetundikwa ukuta mzima. Askofu alihubiri juu ya miaka ishirini ya neema. Kidole chake kilikuwa bado na rangi. Katika kiti cha katikati cha safu ya tatu, Mzee Ezra alikuwa ameketi kati ya Mama Moses na Purity, na hakuna mhudumu aliyethubutu kwenda kumwinua.

Katikati ya mahubiri upepo wa uwandani ukaingia kwa madirisha. Pazia likajaa, likainuka upande mmoja, na watu waliokaa mbele wakaona mguu, kisha shuka, kisha mkono juu ya komeo. Minong'ono ikapita. Askofu akaacha kuhubiri.

"Naeku," alisema bila kumtazama, "funga madirisha."

Naeku aliinuka kutoka kwenye benchi la wafanyakazi. Alitembea polepole kupita madirisha yote, moja baada ya jingine, kama anayeyahesabu, bila kufunga hata moja. Alipofika la mwisho aligeuka, akalisukuma likafunguka zaidi, akalitia kijiwe lisijifunge. Kisha akarudi akaketi, macho wazi, akitazama mbele.